Drili, Michezo na Cheti: Maneno kwa Wafanyakazi wa Gakindu

(Hii ni hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri ya Tawi mbele ya wanachama wa Gakindu. Twaipiga chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku hiyo.)



Tumeletwa mbele yenu kusema juu ya jambo ambalo wengine watasema si kazi ya chama. Watasema: mishahara, ruhusa ya ugonjwa na malipo ya uzeeni ndiyo mambo ya chama cha wafanyakazi; michezo ya watoto shuleni yatuhusu nini? Twaomba mtuvumilie kidogo. Jambo lenyewe ni somo la mazoezi ya mwili katika shule za sekondari: ni nani alifundishaye, na mtoto akilimaliza atatoka na cheti gani mkononi. Twasema linatuhusu kwa sababu tangu Januari 2026 somo hili limekuwa mlango wa kazi. Mlango huo usipowekwa katika shule za huku kwetu Gakindu na Mukurweini, watapita watoto wa watu wengine.

Wazee waliosoma kabla ya uhuru waliliita drili. Mlipangwa mistari, mkanyosha mikono, mkaruka, mwalimu akapiga filimbi, basi, yakawa yamekwisha. Baadaye likaitwa P.E. nalo likaandikwa katika ratiba. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989, lakini kwa miaka yote hiyo mazoezi ya mwili hayakupata kuwa somo la mtihani wa KCSE. Nanyi mwajua jinsi jambo lisilo na mtihani linavyotendwa katika nchi hii. Iko shule moja tunayoifahamu vizuri, jina lake hatulitaji. Ratiba yake ilionyesha P.E. kila Alhamisi saa nne, na kwa miaka minne watoto wetu walikaa darasani saa hiyo wakifanya Kemia. Kiwanja kilikuwapo. Mpira ulikuwapo pia, mmoja, umefungiwa stoo pamoja na majembe.

Hatuwalaumu walimu. Walimu ni wafanyakazi kama sisi, nao hupimwa kwa matokeo ya mtihani. Mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili ya kufundisha. Wako waliosomea mazoezi ya mwili pamoja na somo jingine, kama vile katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na walipofika shuleni wakaambiwa wafundishe lile jingine tu. Ukimwajiri seremala kisha kila siku ukampa kazi ya kubeba mchanga, usishangae siku utakayomwomba mlango akakuambia mkono umesahau randa.

Sasa tuangalie lililobadilika. Watoto wa mtaala mpya waliingia darasa la saba mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka 2025 walifanya mtihani wa KJSEA, na Januari 2026 wakaingia darasa la kumi, yaani Gredi 10, wa kwanza katika nchi. Huko juu ziko njia tatu. Ya kwanza ni ya Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hesabu. Ya pili ni ya Sayansi za Jamii. Ya tatu ni ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ndugu zao wa 8-4-4 wangali wakiendelea na KCSE, na mtihani wao wa mwisho umewekwa mwaka 2027.

Hapa msichanganye mambo mawili, maana hata wazazi waliosoma wanayachanganya. Mazoezi ya mwili ya watoto wote yangaliko, na hayana mtihani wa taifa. Hayo ni kwa afya. Lakini katika njia ya tatu liko somo lingine, la Michezo na Burudani, ambalo mtoto hulichagua kama vile mwingine achaguavyo Fizikia. Hilo hufundishwa na kupimwa kama masomo mengine. Mtoto atajifunza jinsi mwili unavyofanya kazi, jinsi ya kufundisha wengine, jinsi ya kuendesha mashindano na kumhudumia aliyeumia. Hilo la pili ndilo twalitilia mkazo leo.

Serikali ilitazamia ya kuwa katika kila watoto 100, watoto 60 waende njia ya sayansi, 25 njia ya jamii, na 15 njia ya sanaa na michezo. Si wengi, lakini katika nchi ambayo zaidi ya watoto milioni moja walifanya mtihani ule wa mwaka 2025, kumi na tano katika mia ni jeshi. Taabu iko katika mgawanyo wa shule. Ziko shule za njia zote tatu, na ziko za njia mbili, na ya sayansi lazima iwe mojawapo. Basi shule ndogo ya kutwa yenye njia mbili, ile ya pili kwa kawaida huwa ya jamii, kwa kuwa walimu wa Historia na Jiografia inao tayari. Shule za njia tatu nyingi ni zile kubwa za bweni, ambako mzazi hutozwa hadi shilingi 53,554 kwa mwaka, mbali na godoro, sanduku na nauli. Kibarua wa kuchuma kahawa ataitoa wapi? Kwa hivyo mtoto wa kibarua, hata akiwa na miguu ya swara, atasoma kile kilichopo karibu na nyumbani kwake.

Wako watakaosema: mkimbiaji hahitaji cheti, ahitaji mapafu tu. Tena watatutajia Colm O'Connell, yule mtawa Mkatoliki kutoka Ireland aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha Jiografia katika shule ya St. Patrick's, bila ya kuwa na elimu ya riadha, akalea mabingwa wa dunia, David Rudisha akiwa mmoja wao. Ni kweli kabisa, nasi twamheshimu. Lakini huyo ni mtu mmoja aliyekaa mahali pamoja kwa miaka mingi. Hakuna mtu awezaye kuandika katika bajeti ya kaunti ya kuwa kila shule itapata mtu wa namna hiyo.

Tena tazameni kwa macho ya mfanyakazi. Hapa Gakindu wako mafundi waashi wanaojua kazi sana, lakini hawajafanya mtihani wa ufundi wa gredi ya tatu, ya pili, wala ya kwanza. Mkandarasi huwaandika kama vibarua. Kijana mwenye gredi, ambaye labda ukuta wake ni mbovu kuliko wao, huandikwa fundi. Mmepigana na jambo hilo miaka mingi. Katika michezo ni vile vile. Wakufunzi wa mpira wa miguu wa Afrika wana vyeti vya CAF vya daraja D, C, B na A, na asiye na cheti hupewa soda na asante baada ya mechi. Mwili wa mchezaji nao haudumu. Goti likivunjika akiwa na miaka 23, asiye na karatasi hurudi shambani kwa baba yake, na mwenye karatasi huwa mkufunzi, au mwamuzi, au mwalimu.

Mifano iko karibu. Kiganjo, mwendo mfupi tu kutoka mji wa Nyeri, ndiko Kipchoge Keino alikokuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili katika chuo cha polisi. Hiyo ilikuwa kazi ya mshahara. Akiwa askari polisi alikwenda Mexico mwaka 1968 akashinda mbio za mita 1,500, na mwaka 1972 huko Munich akashinda mita 3,000 za kuruka viunzi. Catherine Ndereba, binti wa Gatung'ang'a hapa Nyeri, alikimbia akiwa shule ya sekondari ya Ngorano, na mwaka 1994 Idara ya Magereza ikamwandika. Alishinda Boston mara nne, akawa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na tena mwaka 2007, na huko Chicago mwaka 2001 akaweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Angalieni vizuri: nyuma yao wote wawili alikuwapo mwajiri. Mbio zilikuja pamoja na kazi ya kudumu.

Akina mama, msidhani haya ni ya wavulana. Timu za voliboli za wanawake zinazosifika Kenya ni za Magereza, za Kenya Pipeline na za benki ya KCB, na wasichana wa timu ya taifa wamefika Olimpiki, tena Paris mwaka 2024. Voliboli tunaitaja kwa sababu nyingine pia. Nchi yetu ni ya migongo na mabonde. Uwanja wa mpira wa miguu wahitaji angalau mita 90 kwa 45 za ardhi iliyo sawa, na mjuaye mteremko wa kushukia mtoni ajua gharama ya kusawazisha eneo kama hilo. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9. Huo twaweza kuuchimba wenyewe Jumamosi mbili kwa majembe, tukaweka nguzo mbili na wavu. Shule isituambie haina mahali.

Fedha ni neno jingine. Serikali iliweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari wa kutwa kwa mwaka, na mwaka 2025 Waziri wa Fedha aliwaambia wabunge ya kuwa hazina haiwezi kuzitoa zote. Fedha zikipungua, kitu cha kwanza kukatwa ni kile ambacho hakuna mtu atakayekililia. Ndiyo maana twataka muwe watu wa kulia.

Onyo dogo kwa wazazi. Mtoto akisema ataka njia ya michezo, mwulizeni ataka kazi gani. Akitaka kutibu viungo, kazi wanayofundishwa vijana katika chuo cha KMTC, asiache Bayolojia, la sivyo atafika mlangoni aambiwe arudi. Akitaka ualimu, akumbuke ya kuwa atahitaji somo la pili la kufundisha. Na msimpeleke mtoto njia hii kwa sababu ameshindwa Hesabu. Shule nyingi zimezoea kuwatupa uwanjani wale waliowachoka, na somo likifanywa pipa la taka, cheti chake nacho kitanuka taka mbele ya mwajiri.

Basi Halmashauri imeamua hivi. Katika mkutano wa wazazi unaokuja, kila mwanachama mwenye mtoto, au mjukuu, au mtoto wa ndugu yake shuleni, asimame amwulize mwalimu mkuu kwa heshima: shule hii ina njia mbili au tatu? Ikiwa ni mbili, imeomba ya tatu? Yuko mwalimu aliyesomea mazoezi ya mwili, naye hulifundisha somo hilo au jingine? Saa ya P.E. katika ratiba, wiki iliyopita watoto walikuwa wapi? Msiulize kwa ugomvi. Mwalimu mkuu naye huenda amekwisha kuandika barua tatu kwa Tume ya Walimu bila kujibiwa, na akiona wazazi wameamka atafurahi.

Majibu yaandikwe, jina la shule juu, na yaletwe kwa Katibu wa Tawi. Asiyejua kuandika aje aseme kwa mdomo, karani ataandika. Tutayakusanya yote na kuyapeleka katika ofisi ya elimu Mukurweini pamoja na barua ya chama, nakala moja kwa mbunge na nyingine kwa Tume ya Walimu. Walio na majembe na wako tayari kwa kazi ya uwanja wa voliboli wampe mweka hazina majina yao leo kabla ya kutoka.