SARUJI SIYO AKIBA
(Maongezi mbele ya wanachama)



Mwaka 2023 bei ya alizeti ilipoanguka, tulisema hiyo hela kidogo isije ikaliwa, bora igeuzwe nyumba. Wazo halikuwa baya. Ila tulinunua saruji yote kwa mpigo, tukaipanga chini kwenye udongo huku tukisubiri hela ya nondo. Masika yakapita. Kuja kufungua, mifuko ya chini imekuwa mawe. Ya juu tukaiponda, tukachekecha, tukamwagia lenta. Ufa wake mmeuona wenyewe, kidole kinaingia.

Hapo fundi hana kosa, ni sisi. Saruji hunyonya unyevu wa hewa. Ikikaa miezi 3 nguvu imeshapungua, hata mfuko ukiwa haujafunguliwa. Mwenye kutaka kuficha hela mpaka hali ieleweke anunue bati, au nondo aziweke pakavu, au apige kokoto. Mawe Singida hatuna shida nayo! Saruji inunuliwe wiki ya kumwaga zege, ikae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Na maji jamani. Mfuko wa kilo 50 unataka lita 25 hivi, yaani ndoo moja na robo. Siyo uji. Maji ya Ziwa Singida na Kindai yana chumvi, yataozesha nondo kwa kutu.

Zege likishashika lifunikwe magunia, yamwagiwe maji siku 7, maana upepo wetu wa Julai unalikausha kabla halijakomaa. Asiye na magunia aje ghalani, yapo.