Kwa Nini Tulimwunga Mkono Mhafidhina



Vijana wametuuliza mara nyingi: iweje sisi tuliodai mageuzi tumwunge mkono Masinde Muliro, mhafidhina aliyethamini hatimiliki na taratibu za Bunge? Swali lao ni la haki. Miongoni mwetu walikuwamo maskwota wa Trans Nzoia, na katika suala la ardhi hatukuwa na kauli moja naye. Yeye alihimiza watu waungane wanunue mashamba ya walowezi. Wengi wetu tuliona kwamba mali iliyoporwa haiuzwi kwa mwenyewe. Hata leo hatujabadili rai hiyo.

Tulimwamini kwa sababu ya mwaka 1975. Mwezi Machi J. M. Kariuki aliuawa, na mwezi Juni kamati teule ilileta ripoti yake Bungeni. Serikali haikutaka ripoti hiyo ikubaliwe. Muliro alikuwa waziri, naye alijua fika kwamba waziri hupiga kura pamoja na serikali. Alipiga kura upande wa ripoti, akafutwa kazi, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Hakuwa mwanamapinduzi. Alikuwa mtu wa sheria, na ndiyo maana hakuweza kusaidia kufunika mauaji.

Hatusemi kwamba hakuwa na dosari. Chama chake cha KADU kilipovunjwa mwaka 1964 naye aliingia KANU pamoja na wenzake, na upinzani ukazimika Bungeni. Lakini tuseme pia kwamba hofu ya KADU, yaani mamlaka yote kurundikwa Nairobi, ilikuja kuthibitishwa na miaka iliyofuata. Katiba ya mwaka 2010 iliyoleta kaunti 47 si majimbo ya mwaka 1963, ila hofu iliyoizaa ni ileile.

Mwaka 1991, akiwa mzee, alikuwa mmoja wa waasisi sita wa FORD. Hapo ndipo baadhi yetu, tuliokuwa tukimwita mtu wa zamani, tulipoona haya.

Tarehe 14 Agosti 1992 alirejea kutoka London, akaanguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi. FORD ikagawanyika mwaka huohuo. Tarehe 29 Desemba tulipiga foleni tangu alfajiri kupiga kura ya vyama vingi, na tulipoipokea karatasi tulilitafuta jina lake, ingawa tulijua halimo.