KOTI, WAKILI NA KURA YETU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa reli)



Kamati imetutaka tuseme habari ya koti na mawakili. Tunajua wako wanachama walionung'unika waliposikia. Wanasema koti ni ya matajiri, wakili ni mtu wa kula pesa, afadhali tuzungumze mishahara. Ndugu, mishahara ndiyo tunayoitaka. Lakini mfanya kazi asiye na kura hana mtu wa kumsikiliza, na kura isiyolindwa ni karatasi tu. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

Sisi watu wa reli tutalielewa upesi. Katika reli ya njia moja dereva haingii sehemu ya mbele mpaka apewe idhini. Hata kama ndani ya gari amekaa Waziri, dereva asiye na idhini husimama. Kanuni hiyo haikuwekwa kumdharau Waziri. Iliwekwa kwa kuwa gari linalotoka upande wa pili nalo lina watu. Serikali yenye askari na fedha ni injini kubwa. Katiba ndiyo kanuni, na jaji ndiye anayesema pita au simama. Jaji akimwogopa mkubwa, ajali iko njiani.

Tuanze na mambo ya zamani. Mwaka wa 1952 watu sita walishitakiwa huko Kapenguria. Wawili kati yao, Fred Kubai na Bildad Kaggia, walikuwa viongozi wa vyama vya wafanya kazi. Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji aliyekwisha kustaafu akaitwa tena kwa kesi ile, na Serikali ya kikoloni ikampa pauni 20,000. Shahidi mkubwa, Rawson Macharia, aliahidiwa masomo Uingereza kwa gharama ya Serikali. Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walihukumiwa miaka saba. Mwaka wa 1958 Macharia akaapa kwamba alisema uongo, na malipo yake yakawa kushitakiwa kwa kiapo hicho na kufungwa. Achieng Oneko alishinda rufani yake, lakini mlango haukufunguliwa. Alizuiliwa mpaka 1961.

Wale waliosoma misheni wanaikumbuka habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Nabothi hakuuawa gizani. Aliitishiwa baraza, wazee wakakaa, mashahidi wawili wakasema, na kila kitu kikaonekana kama sheria. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Basi tusidanganyike na jengo la koti wala joho la jaji. Tuulize kwanza: jaji huyu anaweza kumwambia mkubwa hapana, na kesho akaamka bado ni jaji?

Lakini tazameni mawakili wa Kapenguria. D. N. Pritt alitoka Uingereza, Dudley Thompson alikuwa mtu wa Jamaika, H. O. Davies alitoka Nigeria, Chaman Lall akatoka Bara Hindi. Wa hapa kwetu walikuwa A. R. Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza. Hawakushinda kesi. Walichofanya ni kuwauliza mashahidi maswali, na maswali na majibu yakaandikwa. Uongo ulioandikwa na kutiwa tarehe hausahauliki, na ndiyo sababu leo tunaweza kuusoma.

Tukapata Uhuru mwaka wa 1963. Je, koti ziliamka? Tuseme kweli bila kupendelea. Mwaka wa 1982 Katiba ilibadilishwa, chama kikawa kimoja kwa sheria. Mwaka wa 1987 wakili Gibson Kamau Kuria aliitetea haki ya watu waliosema waliteswa wakiwa kizuizini. Naye akakamatwa akawekwa kizuizini. Mwaka wa 1988 Bunge liliondoa ulinzi wa majaji, hata Rais akaweza kumwondoa jaji bila tume ya kumchunguza. Ulinzi huo ulirudishwa 1990, lakini hofu haitoki siku moja na sheria.

Tazameni matunda ya hofu. Baada ya uchaguzi wa 1992, Kenneth Matiba alipeleka malalamiko kotini. Alikuwa amepooza alipokuwa kizuizini, kwa hiyo mkewe alimtilia sahihi. Koti ikayatupa malalamiko kwa sababu hakutia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya uchaguzi wa 1997, Mwai Kibaki naye alikwenda. Akaambiwa karatasi zilipasa kumfikia Rais mkononi, wala haitoshi kuzitangaza katika Gazeti la Serikali. Ndugu, nani angelipita kati ya walinzi wa Rais ili ampe karatasi za mashitaka? Mara zote mbili hakuna aliyehesabu kura hata moja. Mlango ulifungwa kwa komeo la utaratibu.

Sasa linganisheni na 2017. Katiba mpya ilikuwa imeanza tarehe 27 Agosti 2010. Kazi ya ujaji ilitangazwa hadharani, na waombaji walihojiwa watu wakiona. Koti ya Juu ilipewa siku 14 tu za kuamua kesi ya uchaguzi wa Rais. Uchaguzi ulifanywa tarehe 8 Agosti, na Rais aliyekuwa kitini akatangazwa mshindi kwa zaidi ya kura milioni 1.4. Tarehe 1 Septemba majaji wanne kati ya sita, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, wakasema uchaguzi ule si halali. Walisema matokeo hayakupelekwa kama sheria ilivyoagiza, na Tume ilikuwa imeamriwa kufungua mashine zake zikaguliwe, isitii kama ilivyopasa. Jambo kama hilo halikuwa limetokea katika Afrika. Mwaka wa 2020 koti ya Malawi ikafanya vivyo hivyo.

Yako mengine machungu. Rais alisema atautii uamuzi, kisha akawaita majaji wakora mbele ya watu. Tarehe 24 Oktoba dereva wa Naibu wa Jaji Mkuu akapigwa risasi. Kesho yake majaji wawili tu ndio walifika kusikiliza kesi ya kutaka uchaguzi uahirishwe, hesabu haikutimia, uchaguzi ukafanywa tarehe 26. Upinzani ulikwisha kujitoa, na Rais yule yule akarudi. Basi wengine huuliza: koti ilifaa nini?

Ilifaa hivi. Koti si kazi yake kumpa mtu kiti. Kazi yake ni kuona hesabu inafanywa kwa kanuni. Mwaka wa 2022 Tume iliweka wazi karatasi za vituo zaidi ya 46,000, na mtu yeyote aliyetaka aliweza kukaa na kalamu akajumlisha mwenyewe. Walioshindwa walikwenda tena kotini, wakashindwa huko pia tarehe 5 Septemba, wakasema hawakubali hukumu lakini wanaiheshimu. Nchi iliyoona damu ya 2007 na 2008, wakati watu walipokataa kwenda kotini kwa kuwa hawakuiamini, haiwezi kulidharau jambo hilo.

Na mfuko wetu je? Mlikatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wakasema makato yale hayana msingi wa sheria uliotosha, tena yanawabagua wenye mishahara. Mwezi wa Januari 2024 Koti ya Rufani ikakataa yaendelee kukatwa. Bunge likatunga sheria nyingine, ikatiwa sahihi mwezi wa Machi, makato yakarudi. Hatusemi tulishinda. Tunasema Serikali ililazimishwa kurudi stesheni kuchukua idhini, na safari hii wenye kuajiriwa si peke yao wanaotakiwa kulipa.

Wanaosema koti huchelewa na wengine hula rushwa, wamesema kweli. Lakini mtu hang'oi breki kwa sababu imelegea. Huikaza. Basi tunaomba tawi lifanye mambo manne.

Kwanza, kila mwanachama atunze barua ya kazi, hati ya mshahara, na barua ya onyo. Katika koti karatasi hushinda machozi.

Pili, tusichelewe. Kesi ya kazi ina muda wa miaka mitatu, na ukipita, haki imelala. Sheria humruhusu kiongozi wa chama kumsemea mwanachama katika Koti ya Kazi, hata bila wakili. Viongozi wetu wajifunze kazi hiyo.

Tatu, mtu wetu akikamatwa, tuulize mara moja yuko wapi. Katiba inataka afikishwe kotini ndani ya saa 24, au siku ya koti inayofuata saa hizo zikiishia siku isiyo ya koti. Akifichwa, wakili anaweza kumwomba jaji aamuru aletwe mbele yake. Kwa hiyo tuwe na mfuko mdogo wa wakili kabla ya msiba.

Nne, tutii sisi wenyewe. Uchaguzi wa tawi ukipingwa, tusiwapige wanaopinga wala tusifiche karatasi za kura. Chama kinachodai haki nje na kuinyima ndani, jaji gani atakiamini?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi ndio wanyonge, na haki hiyo hatutaipewa tukiwa tumelala. Umoja ni nguvu.