Mbu wa Tangi na Mapipa: Hotuba ya Afisa wa Afya ya Umma katika Baraza la Gatongora



Tumezoea kusema malaria ni ya Kisumu na Pwani, na kwamba mtu wa Ruiru hurudi nayo kutoka safari. Utafiti unatulazimu kufikiri upya. Mwishoni mwa 2022, watafiti wa KEMRI walinasa mbu aitwaye Anopheles stephensi huko Marsabit. Asili yake ni Asia. Huyu hangoji kinamasi. Hutaga mayai ndani ya tangi na mapipa ya maji safi, tena mjini. Jibuti walimwona 2012, mwaka ambao wagonjwa wa malaria walikuwa 27. Kufikia 2020 walizidi 70,000.

Sasa tazameni ploti zetu. Maji huja kwa zamu, kwa hivyo kila mlango una pipa, mara nyingi bila kifuniko. Sisemi mbu huyu amefika Gatongora. Nasema akifika, atakuta nyumba tayari.

Hapo Kasarani, watafiti wa icipe walitangaza 2020 kijidudu kinachoishi ndani ya mbu na kuzuia vimelea vya malaria. Habari njema, ila bado si dawa ya dukani.

Kwa hivyo funikeni tangi, na bomba la kumwagia ziada livisheni wavu. Najua kumwaga maji uliyonunua kunauma. Yafulie nguo kabla wiki haijaisha, kisha usugue pipa. Na ukishikwa na homa, pimwa malaria kabla ya kumeza dawa, hata kama hujasafiri.