Cheti cha Kwanza ni cha Nani?

Leo tuchambue swali moja: mtu aliyeasiliwa akishakuwa mtu mzima, ana haki ya kuona rekodi yake ya kwanza ya kuzaliwa?

Kwanza tuelewe mambo yanavyokwenda. Mahakama ikitoa amri ya kuasili, Msajili Mkuu anaandika jina kwenye Sajili ya Watoto Walioasiliwa. Ile rekodi ya kwanza haichomwi, inawekwa alama tu. Lakini Sheria ya Watoto ya 2001 ilifunga vitabu vinavyounganisha rekodi hizo mbili. Chini ya sheria hiyo, bila amri ya korti, hukuambiwa kitu.

Wanaotetea siri wanasema: mlindeni mama. Huenda alizaa katika dhiki, na leo ana mume na watoto wasiojua lolote. Hoja hiyo ina uzito, tusiicheke.

Wa upande wa pili wanashika Katiba, Kifungu cha 35: raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na kwetu Pwani, nasaba si umbea. Muislamu huulizwa nasaba kwenye ndoa na mirathi. Ndiyo maana dini inasifu kulea yatima lakini haikubali kumbadilishia nasaba. Daktari naye anauliza: kwenu kuna selimundu? Utajibu nini? Na ukichumbia ndugu yako bila kujua je?

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema ni kinyume cha Katiba kumnyima mtoto wa nje ya ndoa jina la baba kwenye cheti kwa sababu tu baba hajakubali. Kesi hiyo haikuhusu kuasili, lakini swali ni lile lile: starehe ya mzazi ifute asili ya mtoto?

Uingereza na Wales walifungua rekodi kwa sheria ya 1975, kuanzia miaka 18. Walioasiliwa kabla ya sheria hiyo walitakiwa waonane na mshauri kwanza.

Msimamo wangu: kujua jina ni kitu kimoja, kubisha hodi ni kingine. Faili lifunguliwe, na mama aruhusiwe kuandikisha kwamba hataki kutafutwa.

Kwa hivyo mgombea akija mtaani, usimuulize kama anapenda watoto. Wote watasema ndiyo. Muulize: mtu wa miaka 18 aende kwa msajili na kitambulisho chake, ama aanze kwa jaji?