Kisima cha Kale, Gitaa Jipya: Safari ya Kundi la Junoon la Pakistan

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili)



Tumeombwa tuseme machache juu ya muziki na nafasi yake katika jamii. Tungeweza kusema mambo ya jumla ambayo kila mmoja wetu anayajua, kwamba muziki hufundisha, huburudisha na kuunganisha watu. Tumeona ni heri tuchukue mfano mmoja na kuufuata tangu mwanzo wake. Mfano wenyewe unatoka mbali na kwetu. Ni kundi la muziki wa roki la nchi ya Pakistan liitwalo Junoon.

Swali linalotuongoza ni hili: Mwimbaji hupata wapi ujasiri wa kusema neno ambalo wakubwa hawataki kulisikia, na kwa nini wengine huendelea kusikilizwa hata baada ya kufungiwa mlango? Jibu letu tunalitoa mapema ili tusiwapoteze njiani. Umaarufu peke yake haukuwatosha Junoon. Kilichowabeba ni kwamba maneno waliyoimba yalikuwa tayari midomoni mwa watu kwa zaidi ya miaka 200.

Jina na mwanzo wake

Neno "junoon" asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno letu "majununi". Maana yake ni wazimu, lakini kwa Kiurdu ni pia ule moto wa moyo unaomfanya mtu alifuate jambo bila kujali atapoteza nini.

Mwanzilishi wake, Salman Ahmad, alizaliwa mwaka 1963. Alipokuwa mtoto familia yake ilihamia Marekani, akakulia katika mji mdogo wa Tappan, jimbo la New York. Huko alijifunza kupiga gitaa, na huko ndiko alikofahamiana shuleni na kijana wa Kimarekani, Brian O'Connell. Baadaye alirudishwa Lahore kusomea udaktari.

Pakistan aliyoikuta ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Jenerali Zia-ul-Haq, aliyeshika madaraka mwaka 1977 na kufa katika ajali ya ndege Agosti 1988. Katika miaka hiyo muziki wa vijana hadharani ulitazamwa kwa jicho baya. Salman anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 2010 kwamba wanafunzi wenye msimamo mkali walivamia onyesho dogo la vipaji na kulivunja gitaa lake mbele ya wenzake. Alimaliza masomo ya udaktari, lakini hakuliacha gitaa.

Kwanza alipiga na kundi la Vital Signs, ambalo wimbo wake wa mwaka 1987, "Dil Dil Pakistan", ulipendwa nchi nzima. Mwaka 1990 alijitoa na kuanzisha Junoon pamoja na mwimbaji Ali Azmat na mpiga kinanda Nusrat Hussain. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1991 na haikupokelewa vizuri. Mwaka uliofuata Salman alimwita rafiki yake wa shule, na Brian O'Connell akavuka bahari kuja kupiga gitaa la besi. Kundi likawa na Wapakistani wawili na Mmarekani mmoja.

Kisima cha kale

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Vijana hawa walijua kupiga roki ya Kizungu. Lakini roki ya Kizungu peke yake ilikuwa kama nguo ya kuazima. Walianza kuangalia walichonacho nyumbani, wakakuta kisima kikubwa, yaani mashairi na muziki wa Masufi.

Kwa wasiojua, usufi ni ile njia ndani ya Uislamu inayotilia mkazo kumpenda Mungu na kumkaribia kwa moyo. Sisi wa Afrika Mashariki si wageni kabisa wa jambo hili, kwa kuwa tarika za Kadiria na Shadhilia zimekuwako pwani yetu kwa muda mrefu, na dhikri zake tunazisikia. Huko Pakistan na India, Masufi wana muziki uitwao kawali, unaoimbwa kwenye makaburi ya mawalii kwa sauti za kupokezana, makofi na ngoma. Bingwa wake aliyejulikana zaidi duniani alikuwa Nusrat Fateh Ali Khan, aliyefariki Agosti 1997 akiwa na miaka 48. Salman alipata kuwa karibu naye, na wote wawili walishiriki kuchangisha fedha za hospitali ya saratani ya Shaukat Khanum, iliyofunguliwa Lahore Desemba 1994.

Mshairi waliyemtegemea zaidi ni Bulleh Shah, aliyeishi Punjab kuanzia karibu mwaka 1680 hadi 1757. Alitoka katika ukoo wa masharifu, lakini mwalimu aliyemchagua, Shah Inayat, alikuwa mtu wa kabila la wakulima wa bustani, lililohesabiwa la chini. Ndugu zake walimlaumu sana. Yeye aliwajibu kwa mashairi ya Kipunjabi cha watu wa kawaida, akikemea ibada ya juu juu na majivuno ya nasaba. Inasimuliwa kwamba alipokufa, viongozi wa dini wa mji wake wa Kasur walikataa azikwe makaburini pamoja na wengine. Leo kaburi lake ndilo fahari ya mji huo, na maelfu hulizuru.

Punjab iligawanywa mwaka 1947, upande mmoja ukawa Pakistan na mwingine India. Mashairi ya Bulleh Shah hayakugawanyika. Waislamu, Masingasinga na Wahindu wa pande zote mbili waliendelea kuyaimba. Kwa hiyo Junoon walipochanganya gitaa la umeme na mdundo wa ngoma za Punjab, hawakuwa wanaingiza kitu kigeni. Mkulima asiyependa makelele ya gitaa aliyatambua maneno, na kijana asiyejali maneno alilipenda gitaa. Muziki huo ukaitwa roki ya Kisufi.

Kutoa hesabu

Mwaka 1996 ulitoka wimbo wao "Jazba-e-Junoon", ukawa wimbo wa Kombe la Dunia la kriketi lililochezwa Pakistan, India na Sri Lanka. Wangeweza kuishia hapo. Serikali yoyote hupenda wanamuziki wanaoshangilia timu ya taifa.

Mwaka huo huo walitoa pia wimbo "Ehtesaab". Neno hili lina mzizi mmoja na neno letu "hesabu", na maana yake ni kuwajibishwa, yaani kutoa hesabu ya matendo yako. Katika picha za video ya wimbo huo alionekana farasi wa mchezo wa polo akilishwa katika ukumbi wa chakula wa kifahari, katika nchi ambayo watu wengi hawana chakula cha kutosha. Watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa. Video hiyo ilipigwa marufuku.

Ndugu wajumbe, kila mmoja wetu hapa amewahi kusoma au kusomewa taarifa ya fedha mbele ya watu. Tunajua jinsi neno "hesabu" linavyoweza kunyamazisha chumba kizima. Fikirieni linapoimbwa na vijana wa taifa zima.

Mwaka 1998

Albamu ya "Azadi", yaani uhuru, ilitoka mwaka 1997. Wimbo wake wa kwanza, "Sayonee", ulivuma pande zote mbili za mpaka. Nchi hizi mbili zilikuwa zimeshapigana vita mwaka 1947, 1965 na 1971. Ghafla kundi la Pakistan likawa linajaza viwanja nchini India.

Kisha ukaja Mei 1998. India ililipua mabomu ya nyuklia ya majaribio tarehe 11 na 13. Pakistan ilijibu kwa kulipua ya kwake tarehe 28 na 30. Katika miji ya nchi zote mbili watu walicheza barabarani na kugawiana peremende. Mtu aliyenyamaza alionekana hana uzalendo.

Junoon hawakunyamaza. Wakiwa katika ziara ya India walisema wazi kwamba fedha za mabomu zingefaa zaidi afya na elimu ya watu maskini, na kwamba nchi hizi zingepaswa kuunganisha tamaduni zao badala ya kushindana kwa silaha. Maneno hayo yangeweza kusemwa na mtu yeyote mwenye akili timamu. Tatizo lilikuwa yamesemwa na Wapakistani, katika ardhi ya India, katika wiki zile. Serikali ya Nawaz Sharif iliwatuhumu kwamba wanaisaliti nchi, ikawafungia redio na televisheni ya taifa. Kabla ya hapo televisheni hiyo ilikuwa imeshakataza hata nywele ndefu na suruali za jinzi.

Wahenga walisema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakusema kwamba ni mpenzi wa serikali.

Marufuku hayo hayakuwanyamazisha. Mwaka 1999, mwaka ambao majeshi ya nchi hizo yalipigana milimani Kargil, Junoon walitoa albamu ya "Parvaaz", iliyorekodiwa katika studio za Abbey Road jijini London. Nyimbo zake nyingi zimejengwa juu ya mashairi ya Bulleh Shah. Tunaomba jambo hili litazamwe vizuri. Watu walioitwa wasaliti walijibu kwa maneno ya mtu ambaye kila Mpunjabi humwita wake. Serikali inaweza kumfungia mpiga gitaa, lakini ni vigumu kumfungia mshairi aliyekwisha kuzikwa miaka 240.

Gitaa mbele ya maulamaa

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Waislamu wengi walijikuta wakitazamwa kwa hofu. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo, Siku ya Umoja wa Mataifa, Junoon walipiga muziki katika ukumbi wa Baraza Kuu jijini New York, kundi la kwanza la roki kufanya hivyo.

Lakini kazi ngumu zaidi ilikuwa nyumbani. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2002, muungano wa vyama vya kidini ulitwaa serikali ya jimbo la kaskazini magharibi, makao yake makuu yakiwa Peshawar, ukapiga marufuku muziki katika mabasi ya abiria. Salman alikwenda huko na watengeneza filamu. Katika filamu hiyo, "The Rock Star and the Mullahs" ya mwaka 2003, anaketi na wanafunzi wa madrasa na walimu wao na kuwauliza kwa heshima: Ni wapi katika Kurani muziki umekatazwa? Hakuwadharau wala hakuwakimbia. Alibishana nao kama mtu wa nyumba moja.

Sisi tuliobishana miaka mingi juu ya ngoma na magitaa kanisani tunaelewa mabishano ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba kule yanaweza kugharimu uhai. Tarehe 1 Julai 2010 walipuaji wa kujitoa mhanga walishambulia kaburi la Data Darbar mjini Lahore na kuua watu zaidi ya 40. Juni 2016 mwimbaji mashuhuri wa kawali, Amjad Sabri, alipigwa risasi na kufa Karachi. Februari 2017 kaburi la Sehwan lilishambuliwa, wakafa zaidi ya 80. Siku iliyofuata waumini walirudi Sehwan, na ngoma zikapigwa tena.

Matunda na mipaka

Je, matunda ni nini? Salman Ahmad alitumika kama balozi mwema wa Umoja wa Mataifa katika mapambano dhidi ya UKIMWI, na baadaye katika kampeni ya chanjo ya polio, katika nchi ambayo wachanjaji wamewahi kuuawa wakiwa kazini. Tarehe 25 Mei 2008 alipiga na wenzake kando ya ziwa Dal mjini Srinagar, Kashmir, pamoja na vitisho vya wapiganaji. Septemba 2009 aliandaa tamasha katika Umoja wa Mataifa kwa ajili ya watu zaidi ya milioni 2 waliokimbia vita katika bonde la Swat na maeneo ya jirani.

Mipaka nayo tuiseme. Baada ya albamu ya "Dewaar" ya mwaka 2003, kundi lilisambaratika. Ali Azmat alijitegemea, na Salman akaendelea na jina la Junoon bila wenzake. Waliokuwa wakihubiri maelewano ya mataifa mawili walishindwa kukaa jukwaa moja kwa zaidi ya miaka 10, mpaka walipopiga tena pamoja Karachi tarehe 25 Desemba 2018. Mabomu ya nyuklia bado yapo. Mei 2025 nchi hizo mbili zilishambuliana tena kwa siku 4.

Basi wimbo haukuleta amani. Hata hivyo, katika wiki ambazo mataifa mawili yalishangilia mabomu, wimbo ulihifadhi neno lingine, likabaki midomoni mwa watu wa pande zote mbili. Amani ikitafutwa siku moja, neno la kuanzia lipo. Nalo halikuletwa kutoka ng'ambo. Lilichotwa Kasur, kwenye kaburi la mtu aliyenyimwa mahali pa kuzikwa.