Msitu wa Serikali na Wageni Wake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tulipoombwa na Bwana Katibu kuzungumza nanyi jioni hii, tulipewa ruhusa ya kuchagua habari yoyote tuitakayo, maadamu isiwe habari ya mishahara. Basi tumechagua misitu ya taifa ya Marekani. Hatutasema juu ya mbao zake, bali juu ya mahali palipotengenezwa ndani yake ili watu wapate kupiga hema, kula mandari, kuoga ziwani na kurudi makwao wamepumzika.

Yamkini wengine wenu watauliza, Hayo yatuhusu nini sisi makarani? Twajibu kwamba habari hii ni habari ya watumishi wa serikali tangu mwanzo wake. Kambi zile hazikutengenezwa na tajiri wala na mfalme. Zilitengenezwa na mabwana miti na makarani wao, kwa barua, ramani na hesabu. Nao katika kazi hiyo walifanya jambo jema sana, tena wakafanya jambo la aibu.

Kwanza hapana budi kufahamu misitu yenyewe. Mwaka 1891 Baraza la Marekani lilipitisha sheria iliyompa Rais uwezo wa kutenga ardhi yenye miti, isiuzwe wala isigawiwe watu. (Sehemu kubwa ya ardhi hiyo hapo kale ilikuwa nchi ya makabila ya wenyeji wa asili, nao hawakuulizwa.) Mwaka 1905 misitu hiyo ilitiwa mikononi mwa Idara ya Misitu, chini ya Wizara ya Kilimo, na mkubwa wake wa kwanza alikuwa Gifford Pinchot. Mwaka 1907 ikapewa jina la misitu ya taifa. Leo hesabu yake yapita 150, na eneo lake, pamoja na nyika za majani zilizo chini ya idara hiyo hiyo, lakaribia hektari milioni 78.

Mtu asiichanganye na hifadhi za taifa kama Yellowstone, ambazo zi chini ya wizara nyingine. Katika hifadhi miti haikatwi kwa biashara. Lakini katika misitu ya taifa miti hukatwa, ng'ombe hulishwa, na maji ya miji hulindwa. Kanuni waliyopewa watumishi wa idara mwaka 1905 ilikuwa hii: shauri likigombaniwa, na likatwe kwa kutazama manufaa makubwa ya watu wengi kwa muda mrefu. Maneno hayo, "watu wengi," twawaomba myaweke akilini.

Hapo mwanzo mgeni wa kupunga hewa hakuwamo katika hesabu. Bwana miti alipanda farasi wake, akahesabu miti, akazima mioto, akatoza ada ya malisho, basi. Motokaa ndiyo iliyouvuruga utaratibu huo. Mara karani na fundi wa kawaida waliweza kununua gari, wakapakia hema, sufuria na watoto, wakalala popote jua lilipowachwea. Waliacha makopo, walichafua vijito, na asubuhi waliondoka na majivu yangali moto. Idara ikaona kwamba, kwa kuwa wageni hawazuiliki, afadhali waonyeshwe mahali pa kukaa. Mwaka 1916, katika jimbo la Oregon, kando ya barabara mpya itokayo mji wa Portland kufuata mto Columbia, ilitengenezwa kambi ya Eagle Creek, yenye meza na vyoo. Aghalabu hutajwa kuwa ndiyo kambi ya kwanza ya idara iliyotengenezwa kwa makusudi.

Miaka mitatu baadaye, yaani 1919, idara iliajiri kijana mmoja mjuzi wa kupanga bustani na mandhari, jina lake Arthur Carhart. Alitumwa Colorado, kwenye ziwa liitwalo Trappers Lake, akapime viwanja vya nyumba za kiangazi, kwa maana sheria ya 1915 ilikuwa imeruhusu watu kukodishiwa viwanja msituni hata miaka 30. Carhart akapima kama alivyoagizwa. Kisha akawaambia wakubwa wake kwamba ushauri wake ni kutojenga hata nyumba moja kando ya maji yale, wala kulizungusha ziwa kwa barabara, ili uzuri wake ubaki wa kila mtu. Sisi tuliozoea kumpelekea mkubwa jawabu alitakalo twaweza kukisia ugumu wa ripoti kama hiyo. Walakini wakubwa walikubali, na viwanja vile havikugawiwa.

Sasa twaja kwa mtu ambaye jina lake halijulikani sana, ijapokuwa kila apigaye hema katika misitu ile hufuata mashauri yake bila ya kujua. Huyu ni E. P. Meinecke, mtaalamu wa maradhi ya miti. Huko California, katika mahali palipopendwa mno na wageni, miti mikubwa ilianza kudhoofika. Haikukatwa na shoka, wala haikuliwa na wadudu wa kutosha kueleza hali ile. Jawabu lilikuwa chini, udongoni. Miguu ya watu na magurudumu ya magari yalikuwa yameushindilia udongo ukawa kama sakafu iliyopigwa kwa ajili ya harusi. Mvua ikinyesha, maji hayakuzama bali yalikwenda zake, hewa haikushuka, mizizi midogo, ile myembamba kama uzi ambayo ndiyo hunywa, ikafa. Mti mkubwa haufi kwa siku moja. Hunyauka kwanza kileleni, mwaka hata mwaka, na yule aliyeegesha gari lake juu ya mizizi amekwisha kwenda zake zamani. Mgeni ajaye akiona kivuli kimepungua husema, "Hapa pamekwisha kuwa pabaya," akasogea mbele kidogo, akaanza kuua miti mingine.

Mwaka 1932 mashauri ya Meinecke juu ya kambi yalitolewa na Idara ya Misitu. Kwa ufupi, alisema kwamba haifai kumlaumu mgeni, wala kumwekea vibao vya makatazo kila hatua kumi. Kambi yenyewe ipangwe hata mgeni ashindwe kuharibu. Barabara iwe nyembamba, iende upande mmoja tu, izunguke irudi ilikoanzia. Kila jamaa ipewe mahali pake, na penye mahali hapo pawe na kipande cha njia kiingiacho ubavuni, urefu wa kutosha gari moja. Mbele yake yawekwe mawe makubwa yaliyozikwa nusu, ili dereva asipate kusogea. Meza iwe nzito isihamishike, kwa maana meza ikihama miguu yote huhama pamoja nayo. Jiko lijengwe mahali pamoja, mbali na matawi. Na baina ya jamaa na jamaa vichaka viachwe, tena vilindwe, ili mtu ale chakula chake asitazamwe. Mgeni huingia akidhani amechagua mwenyewe mahali pa gari, pa meza na pa moto. Kumbe kila kitu kimekwisha kuchaguliwa na mtu aliyekwisha kuifikiria mizizi.

Twakiri kwamba hili latupendeza kuliko yote tuliyosoma katika habari hii. Hata leo, katika kambi zaidi ya 4,000 za idara, utaona nguzo yenye nambari, njia fupi ya gari, meza nzito na duara la chuma la kuwashia moto. Na habari ya moto si ya mchezo. Mwezi wa Septemba 2017, karibu na kambi ile ile ya Eagle Creek tuliyoitaja, kijana wa miaka 15 alitupa fataki bondeni, na moto uliotokea hapo ukaenea juu ya ekari zipatazo 49,000.

Mikono iliyojenga sehemu kubwa ya kambi hizo ilikuwa mikono ya vijana wasio na kazi. Mwaka 1933, katika dhiki kuu ya fedha, Rais Franklin Roosevelt alianzisha kikosi cha vijana wa kazi za misitu na ardhi, kijulikanacho kwa herufi CCC, kilichodumu hata 1942. Walipitia humo vijana kama milioni tatu. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida 25 zilipelekwa kwa wazazi. Walipanda miti, walijenga mabwawa, vibanda na majiko ya mawe ambayo mengine yangali yakitumika. Sheria iliyounda kikosi hicho ilisema wazi kwamba kijana asibaguliwe kwa rangi yake. Hata hivyo, tangu 1935 mkubwa wa kikosi aliamuru weupe na weusi wakae makambi mbalimbali. Hivyo sheria ilisema hivi, na waraka wa ofisi ukasema vile, na waraka ndio uliofuatwa.

Hapo ndipo tufikapo mahali paitwapo Green Pastures, kwa sababu ambayo kwayo hasa tulichagua maneno ya leo.

Katika milima ya magharibi ya jimbo la Virginia upo mji mdogo wa reli uitwao Clifton Forge, na karibu nao ni msitu wa taifa wa George Washington. Mwaka 1936 jimbo la Virginia lilifungua bustani zake sita za kwanza za watu wote, na mojawapo, Douthat, haikuwa mbali na mji huo. Lilikuwako ziwa, ufuko na vibanda. Lakini "watu wote" katika Virginia ya siku zile walikuwa weupe tu. Watu weusi wa Clifton Forge, ambao kodi yao ilipokewa bila kuulizwa rangi, hawakuruhusiwa kuoga humo. Basi kwa njia ya tawi lao la chama cha NAACP, kilichoanzishwa mwaka 1909 kutetea haki za watu weusi, walipeleka maombi kwa Idara ya Misitu wapewe mahali pa kupumzikia katika msitu wa serikali kuu.

Sisi makarani twajua jinsi barua ya namna hiyo iwezavyo kulala. Hii haikulala. Vijana wa CCC walifunga kijito kwa bwawa, likatokea ziwa. Wakaweka ufuko wa mchanga, nyumba ya kubadilishia nguo, kibanda cha mandari na meza. Mwaka 1940 mahali pale pakafunguliwa kwa jina la Green Pastures, yaani Malisho Mabichi, jina ambalo kila aliyefundishwa Zaburi ya 23 atalitambua. Jamaa na makanisa wakaja na vikapu vyao. Palikuwa pazuri, na palijengwa kwa bidii kama mahali pengine.

Tena palikuwa pa watu weusi peke yao, kwa shauri la serikali.

Je, waombaji walikosea kupokea? Tumesikia hoja pande mbili. Wako wasemao kwamba mtu akipokea sahani yake nje ya nyumba amekubali kwamba nyumba si yake. Wako wasemao kwamba mtoto wa miaka saba ataka kuogelea mwaka huu, si baada ya kesi kwisha, na mwaka ujao atakuwa wa minane. Sisi twaegemea upande wa waombaji, kwa sababu hawakuomba kutengwa. Waliomba ziwa. Kutengwa kuliongezwa na ofisi.

Lakini juu ya mabwana miti hatuwezi kuwa wepesi hivyo. Wao ndio waliofundishwa na Meinecke namna ya kuweka mpaka. Walijua kwamba jiwe huwekwa kwa sababu, na sababu yaweza kuonyeshwa kwa yeyote aulizaye: chimba hapa uone mizizi. Mpaka wa rangi, uchimbe upendavyo, hukuti chini yake kitu ila desturi ya mahali na woga wa kugombana na majirani. Watumishi wa serikali kuu, waliofunga kanuni ya "watu wengi" vichwani mwao, waliichukua desturi ya jimbo wakaijengea bwawa.

Mwaka 1950 Green Pastures palifunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka huo huo Virginia nayo ilifungua bustani mpya, Prince Edward, kwa ajili ya watu weusi, baada ya mtu mmoja mweusi kuishitaki serikali ya jimbo kwa kunyimwa kuingia bustani ya Staunton River mwaka 1948. Hivyo katika jimbo moja na mwaka mmoja serikali kuu ilikuwa ikiondoa mpaka, na jimbo likijenga mwingine. Nao wa jimbo ulikaa mpaka Sheria ya Haki za Raia ya 1964.

Katika miaka ya 1960 jina la Green Pastures liliondolewa, mahali pale pakaitwa Longdale. Labda aliyelibadili alidhani afanya wema, akitaka yaliyopita yasahauliwe. Lakini wazee waliooga pale utotoni hawakusahau, nao waliendelea kupaita kwa jina lile la kwanza. Katika miaka hii ya 2020 idara imelirudisha, na kibao chasomeka tena Green Pastures.

Bwana Mwenyekiti, karatasi zetu zimekoma hapo. Kama yako maswali tutayajibu kadiri tuwezavyo, ila tumeambiwa ukumbi wahitajiwa saa tatu.